Keekee, Maji na Mfupa wa Taya

Mafundi wanaochimba visima katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, hawazungushi keekee zao pakavu. Mwamba wa nyanda za kati ni mgumu, na chuma kinachousaga bila kitu cha kukipoza hupata moto upesi, kikapoteza makali. Daktari wa meno anayetoboa taya ili kuweka kipandikizi hukabiliwa na jambo hilohilo, ila kwa tofauti moja kubwa: mwamba hauna uhai, mfupa unao.

Mfupa ukiungua, mgonjwa hahisi kitu siku hiyo, kwa kuwa ganzi ipo. Seli zilizo kandokando ya tundu hufa kimyakimya, na hasara hujulikana baada ya majuma au miezi, kipandikizi kinapoanza kutikisika. Joto linaloleta madhara hayo si kubwa. Mwaka 1983 watafiti wa Sweden, Eriksson na Albrektsson, walionyesha katika mifupa ya sungura kwamba nyuzi 47 za sentigredi, zikidumu dakika 1, zatosha kudhoofisha uotaji wa mfupa. Chai ya asubuhi huwa na moto zaidi ya huo.

Kipandikizi ni skrubu ndogo, aghalabu ya titani, nayo haishikizwi kwa gundi. Kilichowezesha tiba hii ni ugunduzi wa Per-Ingvar Brånemark, ambaye katika miaka ya 1950 aliona kuwa titani iliyowekwa ndani ya mfupa wa sungura ilishikamana nao hata isitoke. Mwaka 1965 alimtibu mgonjwa wake wa kwanza kwa njia hiyo.

Siku ya upasuaji, skrubu hushikwa na mbano wa tundu tu. Damu huganda kuizunguka. Seli zinazomeng'enya mfupa huondoa tabaka lililojeruhiwa. Kisha seli za ujenzi hufuma mfupa mchanga, ambao hukomaa polepole. Kati ya kazi hizo mbili, yaani ya kubomoa na ya kujenga, upo wakati wa udhaifu: katika juma la 3 au la 4 kipandikizi huweza kuwa kimelegea kuliko siku kilipowekwa. Hapo ndipo mgonjwa ambaye maumivu yamekwisha hurudia karanga zake za kukaanga.

Kwa hiyo daktari huanza na keekee nyembamba, ya milimita 2 hivi, akapanua tundu hatua kwa hatua. Keekee huingizwa na kutolewa mara kwa mara ili unga wa mfupa utoke na maji ya chumvi yasiyo na vijidudu yafike chini kabisa. Mwendo wa kawaida ni mizunguko kati ya 800 na 1,500 kwa dakika. Wengine hutoboa taratibu mno, chini ya mizunguko 50 na bila maji, wakakusanya chembe za mfupa za kujazia mapengo.

Mfupa wa nyuma ya taya la juu ni laini. Hapo tundu huachwa jembamba kuliko skrubu, au hutumika keekee zilizobuniwa na Salah Huwais wa Marekani, ambazo zikizungushwa kinyume husindilia mfupa badala ya kuukwangua. Ni njia nzuri, lakini tamaa ya kubana huponza: mfupa uliokazwa kupita kiasi hukosa damu, nao hufa kama uliounguzwa. Taya la chini upande wa mbele lina mfupa mgumu, na huko adui mkuu ni joto.

Katika nyanda hizi lipo pia suala la maji ya kunywa. Baadhi ya visima vya Singida na Manyara vina floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Wengi huifahamu kwa rangi ya kahawia inayoacha kwenye meno, ilhali huingia mifupani pia, na kwa miaka mingi huweza kuufanya mfupa uwe mzito bila kuuongezea uimara. Picha ya eksirei huonyesha weupe, haionyeshi ubora. Daktari anayemuuliza mgonjwa alikunywa maji ya wapi utotoni hapotezi muda.

Keekee nazo zihesabiwe. Makali hupungua kidogo kidogo, na butu huzalisha joto hata maji yakimiminika. Daftari la idadi ya matumizi ni kitu cha bei ndogo, na keekee iliyofikia kikomo cha mtengenezaji iondolewe hata kama bado inang'aa. Kipandikizi kikikataa, mgonjwa aliyetoka Kondoa au Manyoni hulazimika kufunga safari tena kukitoa, na mara nyingi husubiri miezi kadhaa mfupa upone kabla ya kujaribu upya, akiwa na pengo lilelile lililomleta mara ya kwanza.