Kudai Pesa za Mchezo Si Aibu

Jirani yetu mmoja hapa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye sote twamwita Bi Mkubwa, huamka usiku wa manane kukanda unga wa mahamri. Kwa mahamri hayo amesomesha watoto, na kwa mahamri hayo sasa analea mjukuu.

Asubuhi moja alikuja barazani kabla kahawa haijapoa, simu mkononi, uso umemsawijika.

"Mwanangu, hebu nisomee maneno haya," akasema. "Benki yasema nimenunua almasi. Mimi almasi sijaivaa tangu nizaliwe!"

Nikasoma. Almasi zenyewe hazikuwa za sonara. Zilikuwa za mchezo wa video, ile michezo ya kwenye simu, na mjukuu wake wa miaka 9 alikuwa amezinunua mara 5 katika jioni moja. Jumla yake shilingi 6,400: pesa za unga, mafuta na iliki. Namba za kadi ya benki zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya simu na mwanawe Bi Mkubwa, siku alipomlipia mamake kitu kingine. Kazi ya mtoto ilikuwa ni kubonyeza tu.

Mwanawe huyo alipofika hakutaka maneno mengi. "Mama, tuyaache. Kitu kimeshanunuliwa. Twende tukaombe pesa kama maskini? Ni aibu."

Neno hilo "aibu" ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwani tangu lini kudai haki ya mnunuzi kukawa aibu katika mwambao huu? Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikifuatana na marehemu nyanya yangu Biashara Street kununua leso. Doti ilikunjuliwa yote, ikatazamwa pindo kwa pindo, na ikiwa ilichuja rangi ilipofuliwa mara ya kwanza, kesho yake ilirudi dukani, na muuzaji hakununa. Nasi chuoni tulifundishwa kwamba mtu akiuziwa kitu chenye ila iliyofichwa, ana khiyari: akitaka atabaki nacho, akitaka atakirudisha achukue pesa zake. Mauzo husimama juu ya ridhaa ya wawili. Pasipo ridhaa, hapana mauzo.

Sasa tazama yaliyotokea Marekani. Kuna mchezo uitwao Fortnite, wa kampuni ya Epic Games, uliotoka mwaka 2017. Kuucheza ni bure. Lakini ndani yake mna duka la mavazi na michezo ya ngoma, na fedha ya duka hilo huitwa V-Bucks, ambayo hununuliwa kwa dola halisi. Wazazi wakaanza kuona madeni wasiyoyajua. Tume ya Biashara ya Marekani ilipochunguza, ilisema kwamba vitufe vya mchezo huo vilipangwa kwa namna ya kumtega mchezaji: mtu aliweza kutozwa akiwa anauamsha mchezo uliolala, au akitaka kukitazama kitu tu kabla ya kuamua. Mpaka mwaka 2018 watoto waliweza kununua V-Bucks bila mwenye kadi kuulizwa. Na waliolalamika kwa kampuni zao za kadi walifungiwa akaunti, wakakosa hata vile walivyovilipia kwa halali. Tume ilisema malalamiko zaidi ya milioni 1 yalipuuzwa.

Mwezi wa Desemba 2022 kampuni hiyo ilikubali kutoa dola milioni 245 za kuwarudishia wanunuzi, mbali na faini ya dola milioni 275 iliyohusu habari za siri za watoto. Malipo ya kwanza, zaidi ya dola milioni 72, yalitoka Desemba 2024, na wastani wa kila mlipwa ulikuwa kama dola 114. Mengine yakafuata mwaka 2025. Fedha hizo ni za wanunuzi wa Marekani, wala sisi hatuna fungu humo. Lakini funzo lake halina mpaka: laiti watu wale wangalinyamaza kwa kuona haya, hakuna ambaye angalirudishiwa senti.

Wala si Marekani peke yake. Huko Australia, kampuni ya Valve, yenye duka kubwa la michezo liitwalo Steam, ilishtakiwa mwaka 2014 kwa kuwaambia wanunuzi kwamba hawana haki ya kurudishiwa. Mahakama iliamua dhidi yake mwaka 2016, ikaitoza faini ya dola milioni 3 za huko. Kabla hukumu haijatoka, mwaka 2015, duka hilo lilikuwa limekwisha kuweka kanuni: mnunuzi aweza kuomba pesa zake ndani ya siku 14, maadamu hajaucheza mchezo kwa saa 2. Na Desemba 2020, mchezo wa Cyberpunk 2077 ulipotoka ukiwa na kasoro tele, kampuni ya Sony iliuondoa katika duka lake ikawarudishia pesa walioutaka. Wahenga hawakukosea: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na hapa kwetu? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 champa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kuelezwa anachonunua, na haki ya fidia akipata hasara kwa kasoro yake. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, ambayo imeyagusa hata mapatano yanayofanywa kwa intaneti, kwamba mnunuzi apewe nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa kabla ya kufungika.

Basi nilimwambia kijana: "Mwanangu, haya yaweke kando, tutafute risiti." Tukazipata zote 5 katika barua-pepe. Simu nyingi huku kwetu hutumia duka la Google, na duka hilo humpa mtu saa 48 kuleta ombi lake kwalo. Zikipita, huambiwa amwendee mwenye kuutengeneza mchezo. Sisi tulikuwa bado ndani ya muda. Tukaandika kwa ufupi: nani alinunua, umri wake, lini, na kwamba mwenye kadi hakuridhia. Hatukutia chumvi hata chembe.

Baada ya siku chache manunuzi 4 yalirudishwa. La tano lilikataliwa. Almasi zilizorudishiwa pesa zikaondolewa mchezoni, na mtoto akalia, nami sikumlaumu. Bi Mkubwa hakumpiga. Alimketisha kitako akamwonyesha unga, akamhesabia mahamri mangapi yangetoka katika shilingi zile. Nadhani alifahamu kuliko ambavyo angefahamu kwa bakora.

Kijana naye aliitoa kadi simuni, akaweka neno la siri liulizwe kila ununuzi. Ndiyo dawa, na ni ya bure. Yasiyo dawa ni kukaa kimya mpaka muda upite, maana majuto ni mjukuu.

Nawaachia ubeti mmoja:

Ukinunua tazama, bei yake uijue,
Usibonyeze kwa hima, kwanza akili itue,
Risiti yako kusoma, kasoro uitambue,
Haki haiji yenyewe, idai nawe upewe.