Punakha: Mpunga Uliolisha Dola ya Watawa

Wageni wengi wanaofika Punakha, magharibi mwa Bhutani, hukimbilia ngome. Ushauri wangu ni kuanza na mashamba, kwani bila mpunga ule ngome isingekuwa na wa kuishi ndani yake.

Barabara ya kutoka Thimphu, mji mkuu, hupanda hadi kwenye kipito cha Dochu La, mita zipatazo 3,100 juu ya usawa wa bahari, palipojengwa stupa 108, yaani minara midogo ya ibada ya Kibudha. Kisha huteremka hadi mita 1,200 hivi. Hewa huongezeka joto nyuzi kama 6 kwa kila mita 1,000 unazoshuka, ndiyo maana msafiri huacha misonobari yenye ukungu na siku hiyohiyo akakuta migomba na michungwa. Bondeni, mito ya Pho Chhu na Mo Chhu huleta maji na udongo laini. Miche ya mpunga hupandikizwa majarubani mvua za Juni zinapoanza, na mavuno huwa Oktoba na Novemba.

Mito hiyo inapokutana ndipo Zhabdrung Ngawang Namgyal, lama aliyekimbia Tibeti mwaka 1616 na kuiunganisha Bhutani, alipojenga ngome yake mwaka 1637 na 1638. Mapokeo ya Kibudha husema mahali hapo palitabiriwa karne nyingi kabla na Guru Rinpoche, mwalimu wa Kibudha wa kale. Utabiri huo ulipata ghala la kuutegemeza: kodi ililipwa kwa mazao, mchele ukiwemo, na ngome za aina hii, ziitwazo dzong, zilikuwa kwa pamoja hekalu, ofisi ya serikali na bohari ya chakula. Punakha ilibaki makao makuu hadi katikati ya miaka ya 1950.

Utaratibu wa zamani haujafa. Baridi inapokaribia, Je Khenpo, kiongozi mkuu wa dini, na jopo la watawa huhama kutoka Thimphu kuja kwenye joto la Punakha, wakarudi baridi ikiisha. Mwili wa Zhabdrung mwenyewe umehifadhiwa humo, katika chumba ambacho wageni hawaruhusiwi kuingia.

Lakini maji yanayolisha ndiyo hayohayo yanayobomoa. Oktoba 1994, ziwa la barafu la Luggye, huko juu katika eneo la Lunana, lilipasua kingo zake. Mafuriko yakashuka na Pho Chhu, yakaua watu, yakaharibu mashamba na sehemu ya ngome. Kadiri barafu za Himalaya zinavyoyeyuka, maziwa ya namna hiyo hukua, na kinachoyazuia mara nyingi ni rundo tu la mawe na udongo. Leo kando ya mto kuna ving'ora vya kuwatahadharisha wakazi.

Anayetaka kwenda ajipange mapema. Tangu Septemba 2023, wageni kutoka nchi nyingi hutozwa ada ya dola 100 za Marekani kwa kila usiku. Ngomeni vaa nguo ndefu, vua kofia, wala usipige picha ndani ya mahekalu. Februari au Machi kuna sherehe ya Drubchen, inayoigiza vita vya karne ya 17 dhidi ya jeshi la Tibeti. Mimi ningechagua majira ya mavuno: ndipo utakapoona kwa macho yako kilichowaweka watawa mahali pale.