Istilahi za Forodha na Gari la Kupandia Newala

Wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, ni jirani, lakini anayetoka ya kwanza kwenda ya pili hana budi kupanda. Mji wa Masasi uko chini, katikati ya vilima vya mawe. Newala imekaa ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, penye genge liitwalo Shimo la Mungu, ambapo mtu akisimama huliona bonde la Ruvuma likienea mbali chini yake. Udongo wa uwanda huo ni wa kichanga, hunywa maji ya mvua mara moja, na kwa miaka mingi wenyeji walilazimika kuyafuata maji mabondeni. Njia za vijijini zina mchanga mwingi, na masika huchimbika. Haishangazi, basi, kwamba mwalimu, mganga au mkulima wa korosho wa huko, akisha kudunduliza fedha za kununua gari, hutamani lile lisilokwama, naye hulitafuta ng'ambo, hasa Japani, yatokako magari mengi yaliyokwisha kutumika. Makala haya yanakusudia kuyatazama maneno atakayokutana nayo, kwa maana neno lililofasiriwa vibaya hapa humgharimu mtu fedha zake.

Tuanze na gari lenyewe. Baadhi ya wafasiri wameridhika na "gari la magurudumu manne". Fasiri hii haifai. Teksi nayo ina magurudumu manne. Kinachotakiwa kutajwa si idadi ya magurudumu bali idadi ya yale yanayopokea nguvu ya injini. Gari la kawaida hupeleka nguvu kwenye magurudumu mawili tu, ya mbele au ya nyuma, na mengine mawili hufuata. Likiingia mchangani, gurudumu moja kati ya hayo mawili likianza kuzunguka bure, difu huielekeza nguvu huko huko kwenye gurudumu lisilo na kazi, na safari imekwisha. Madereva wa malori wamelitambua jambo hili kuliko wafasiri: wao husema lori la "difu moja" na la "difu mbili", yaani wanahesabu kinachofanya kazi, hawahesabu matairi. Zamani neno landrova lilitosha, kwa kuwa gari hilo, lililoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, lilikuwa karibu peke yake. Siku hizi watu husema "foo-wili", na kila fundi huelewa. Kwa maandishi rasmi mwandishi angependelea "gari la msukumo wa magurudumu manne". Ni refu, lakini halidanganyi. Tena ubishi huu si wa maneno matupu, kwani magari ya aina moja, yenye jina moja na umbo moja, hutengenezwa mengine kwa msukumo wa magurudumu mawili na mengine kwa manne. Mnunuzi aliyeandika "magurudumu manne" katika oda yake hana la kulalamika akiletewa lile la kwanza.

Tukigeukia bahari, mambo ni mepesi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Watu husema kwamba lugha yetu haina maneno ya biashara ya kimataifa, ilhali pwani hii ilikuwa ikipokea shehena kutoka ng'ambo karne nyingi kabla ya kuwapo injini. Forodha, bandari, nahodha, shehena, nauli na bima ni maneno tuliyo nayo tayari. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujawa wa gari, na hakuna aliyeitisha kikao ili uhamishwe. Kwa hiyo ile thamani ambayo forodha huitumia kukadiria ushuru inaelezeka kwa Kiswahili bila taabu: ni bei ya gari pamoja na bima na nauli ya kulifikisha bandarini. Mtu aliyesikia "thamani ya gari" tu atahesabu bei aliyomlipa muuzaji, na hesabu yake itapungua. Na hata bei iliyomo katika ankara si lazima ikubaliwe, maana Mamlaka ya Mapato Tanzania ina makadirio yake ya magari yaliyotumika.

Hati ya shehena ndiyo inayowatatiza wengi. Si risiti ya mzigo tu. Humthibitisha mwenye haki ya kukabidhiwa gari, na aliyeipoteza huenda akaliona gari lake likiwa ndani ya uzio bila ya kulipata, huku gharama za kuhifadhiwa zikizidi siku kwa siku. Mwalimu anayefundisha neno hili Newala au Masasi ana mfano ulio tayari. Tangu msimu wa 2007/2008 wakulima wa korosho wa mkoa huo wamekuwa wakiuza kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo karatasi husimama mahali pa magunia. Anayeijua stakabadhi ghalani ameielewa nusu ya hati ya shehena.

Sasa tufikie maneno manne yanayochanganywa hata maofisini: ushuru, kodi, ada na tozo. Ushuru asili yake ni sehemu ya kumi. Ada ni malipo ya huduma, kama ya usajili. Tozo limetokana na kutoza, na hutumiwa kwa michango yenye kazi maalumu, kama ile ya maendeleo ya reli. Mwananchi akiambiwa "utalipa kodi" hudhani ni kitu kimoja. Sivyo. Tuchukue gari lenye injini ya ujazo unaozidi sentimita 2,000, ambalo thamani yake forodhani ni shilingi 20,000,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni shilingi 5,000,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 hautozwi juu ya zile milioni 20, bali juu ya milioni 25, nao ni 2,500,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla ya hayo yote, yaani 27,500,000, nayo ni 4,950,000. Jumla ni shilingi 12,450,000, kabla ya tozo, ada na nyongeza ya uchakavu inayoyapata magari makuukuu. Uchakavu huo nao huhesabiwa tangu mwaka wa kutengenezwa, si wa kusajiliwa mara ya kwanza. Mfasiri asiandike "mwaka wa gari" akaishia hapo.

Neno "msamaha wa kodi" limekwisha enea, ingawa lina dosari: asiyekosa hasamehewi. Tuliache, kwani limezoeleka. Linalohitaji uangalifu zaidi ni sharti lake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyoandikwa kwa Kiingereza, humruhusu anayehamishia makazi yake huku kuingiza gari moja bila ushuru, iwapo amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe huko nje kwa muda usiopungua miezi 12, siku za safari ya baharini zisihesabiwe. Hapo ni "na", si "au". Kijana wa Masasi anayerudi kutoka masomoni, aliyelinunua gari mwezi mmoja kabla ya kuondoka, akisomewa fasiri yenye "au", atafika forodhani na matumaini yasiyo na msingi.

Vilevile kuna kuagiza na kuingiza. Kuagiza ni jambo kati ya mnunuzi na muuzaji. Kuingiza ni jambo kati ya mtu na Serikali. Anayewajibika ni yule ambaye jina lake limeandikwa katika hati kuwa mpokeaji, hata kama aliyeagiza ni dalali, na hata kama kazi yote ya bandarini imefanywa na wakala wa forodha. Fomu zinazotumia "mwagizaji" kwa watu wote wawili zingefaa kusahihishwa.

Imebaki karatasi ya mwisho, ambayo sheria huiita cheti cha usajili na watu wote, pamoja na askari wa barabarani, huiita kadi ya gari. Mwandishi haoni sababu ya kamusi kuikataa.