Mpanda ngazi hushuka: Kwa nini wakwea majabali hufunzwa kujiokoa

MNAMO Septemba 1970, madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika kwenye kilele cha Batian, ambacho ndicho kirefu zaidi katika Mlima Kenya. Walipoanza kushuka, jiwe liling'oka, Judmaier akaanguka na kuvunjika mguu vibaya. Oelz alifaulu kuizuia kamba iliyowaunganisha. Alimfunga mwenzake jeraha, akamwacha juu ya mwamba na kushuka peke yake kutafuta msaada.

Ilichukua zaidi ya wiki moja kumtoa majeruhi huyo mlimani. Waokoaji waliokuwa nchini walijitosa kazini, na baadaye wakaongezewa nguvu na wataalamu waliosafiri kwa ndege kutoka Innsbruck. Helikopta iliyokuwa ikisaidia shughuli hiyo ilianguka na rubani wake, Mmarekani Jim Hastings, akafariki. Judmaier alinusurika.

Kisa hicho kingali funzo kwa yeyote anayetaka kukwea majabali. Juu ya mwamba mrefu, mwokoaji wa kwanza si helikopta wala askari wa mbuga, bali ni yule aliyeshika upande wa pili wa kamba. Asipojua la kufanya katika saa ya kwanza, huenda wanaokuja baadaye wasikute mtu wa kuokoa.

Ni kwa sababu hii ambapo ujuzi wa kujiokoa hufunzwa pamoja na ule wa kukwea kwa mtindo wa jadi.

Si safari ya Lenana

Wageni wengi wanaozuru Mlima Kenya huishia kwenye kilele cha Lenana chenye urefu wa mita 4,985, ambacho hufikiwa kwa miguu. Batian, wenye mita 5,199, na Nelion, wenye mita 5,188, ni majabali yanayohitaji kamba na vifaa. Mwingereza Halford Mackinder aliufikia Batian mwaka 1899 akiwa na César Ollier na Joseph Brocherel. Nelion ulisubiri hadi 1929, ulipokwewa na Eric Shipton na Percy Wyn-Harris.

Katika mtindo wa jadi, mkwezi hakuti vyuma vilivyotobolewa na kukazwa mwambani vikimngojea. Mtangulizi hupanda akiwa na vifaa kiunoni, na kila anapopata ufa unaofaa hukipachika kimoja na kuipitisha kamba. Mwenzake, anayemfuata, huving'oa vyote. Wakishapita, jabali hubaki jinsi lilivyokuwa.

Vifaa hivyo ni vya aina mbili kuu. Kuna vipande vya chuma vyenye umbo la kabari, vinavyoitwa nati, ambavyo hukwama pale ufa unapopungua upana. Jina hilo lilitokana na wakwezi wa Uingereza waliowahi kutumia nati za kawaida za mitambo zilizofungwa kwenye kamba. Aina ya pili ina meno yanayotanuka ndani ya ufa na hushika hata pale kuta za ufa zinapolingana. Kamba huunganishwa na kifaa kwa pete za chuma zenye mlango wa springi, ziitwazo karabina.

Hesabu ya kuanguka

Anayejifunza kutangulia sharti kwanza aielewe hesabu ya hatari. Akiwa mita tatu juu ya kifaa cha mwisho, ataanguka mita tatu hadi usawa wa kifaa hicho na tatu nyingine chini yake. Hizo ni mita sita, kabla ya kuongeza ulegevu na mvutiko wa kamba. Kamba ya kukwea hutengenezwa ivutike ili kupunguza kishindo, lakini mvutiko huo haumfai kitu iwapo kuna kingo ya mwamba mita tano tu chini yake.

Hatari kubwa zaidi huwa mwanzoni, kabla hajapachika chochote. Akiwa mita tano juu ya mwenzake, ataanguka mita kumi, na kishindo chote kitaangukia kituo alichofungwa mwenzake. Kwa hivyo wakufunzi husisitiza kwamba kifaa cha kwanza kipachikwe mapema, hata kama sehemu hiyo ni rahisi.

Kituo hicho, ambacho wengi hukilinganisha na nanga ya chombo baharini, hujengwa kwa kawaida kwa vifaa vitatu vilivyo imara. Uzito hugawanywa ili kimoja kikichomoka, vingine vishike bila mshtuko. Mwanafunzi hutumia siku nyingi akijenga nanga chini ya jabali, mkufunzi akizikagua moja baada ya nyingine, kabla hajaruhusiwa kumtundika mtu yeyote juu yake.

Mwenzako akining'inia

Sasa chukulia kwamba mtangulizi ameanguka, amezuiwa na kamba lakini hawezi kusema wala kujisogeza. Mshika kamba anabeba uzito wa mwenzake kiunoni mwake. Akiachilia, mwenzake atakufa, na akiendelea kushika, hawezi kwenda kutafuta msaada.

Swali la kwanza ni je, kamba iliyotumika ni kiasi gani? Ikiwa kamba ina mita 60 na mtangulizi yuko chini ya mita 30 juu, suluhisho rahisi ni kumteremsha polepole hadi kituoni. Akiwa juu zaidi ya nusu ya kamba, haitatosha kumfikisha.

Hapo ndipo unahitajika ujuzi wa kujinasua. Kwanza, mshika kamba huifunga kamba kwenye kifaa chake cha breki ili mikono yake iwe huru. Pili, huzungusha uzi mwembamba kwenye kamba iliyokazika, akitumia fundo linaloshika kwa msuguano. Fundo maarufu zaidi la aina hii huitwa prusiki, kutokana na Karl Prusik wa Austria. Hukaza linapovutwa, na hulegea na kusogezwa kwa mkono uzito unapoondoka.

Tatu, uzi huo huunganishwa na nanga kwa fundo linaloweza kufunguliwa hata likiwa na mzigo. Uzito huhamishwa taratibu kutoka kiunoni hadi kwenye nanga. Nne, kamba kuu nayo hufungwa kwenye nanga kama akiba. Ni baada ya hayo yote tu ambapo mshika kamba hujifungua.

Kuanzia hapo, anaweza kupanda kamba kwa prusiki mbili hadi kwa majeruhi, kumpa huduma ya kwanza, na kupanga jinsi ya kushuka naye. Wakati ni muhimu, kwa sababu mtu aliyezirai akiachwa akining'inia kwenye mkanda anaweza kupoteza maisha hata kama jeraha lake si kubwa.

Katika kuteremka kwa kamba pia, prusiki huwekwa kama breki ya akiba, na ncha za kamba hufungwa mafundo ili mtu asipitilize mwisho wake. Hizi ni tahadhari za dakika moja, ila ndizo huachwa na waliochoka au wanaokimbizwa na giza.

Mahali pa kuanzia

Nchini Kenya, wanaojifunza hawana haja ya kuanzia Batian. Kuna majabali ya Lukenya, karibu na barabara ya kuelekea Mombasa, na yale ya mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, ambayo yana nyufa nyingi. Mafundo na hatua za uokoaji huanza kufanyiwa mazoezi ardhini, ambako kosa halina gharama, hadi mwanafunzi aweze kuyafanya usiku, kwenye mvua na kwa mikono iliyokufa ganzi.

Maandishi peke yake hayatoshi. Makala kama hii yaweza kumweleza msomaji sababu, lakini mikono hufunzwa na mkufunzi aliye kando yake. Aidha, ni lazima wote wawili wajue, si mtangulizi pekee, kwani hakuna ajuaye nani ataumia.

Wahenga walinena kwamba mpanda ngazi hushuka. Kwa mkwezi wa majabali, swali ni iwapo atashuka kwa hiari yake, akiwa na mwenzake, na wote wakiwa hai.