Kuvu Ukutani: Tafuta Maji Kwanza

Rangi haiponyi kuvu. Nalisema hili mapema kwa sababu kila mvua za Julai na Agosti zinapokolea mjini Eldoret, mafundi huitwa kwa kazi ileile: kupaka rangi mpya juu ya madoa meusi yaliyotokea kwenye pembe ya dari, nyuma ya kabati au chini ya dirisha. Ukuta hung'aa kwa wiki chache, mwenye nyumba akaridhika, mpangaji naye akanyamaza. Kisha madoa hurudi palepale, mara nyingi yakiwa mapana zaidi, kwa kuwa kinachoyalisha hakijaguswa. Kinachoyalisha ni maji, na anayetaka kuishi bila kuvu sharti ajue kwanza maji hayo yanatoka wapi.

Mbegu za kuvu ziko kila mahali. Ni ndogo kuliko tunavyoweza kuona kwa macho. Huingia kwa mlango, kwa dirisha na kwenye nguo tulizovaa. Hakuna dawa wala fundi awezaye kuzimaliza. Zikitua pakavu hazina madhara makubwa, hulala tu. Zikitua palipolowa, pakiwa na mbao, karatasi, gundi au hata vumbi la kawaida, huota. Kitu kilicholowa kisipokauka ndani ya saa 24 hadi 48, kuvu hupata makao.

Mji wetu una hali zote za kuilea. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Hewa yenye joto la nyuzi 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10 haiwezi kubeba hata gramu 10. Kinachozidi hugeuka maji juu ya kitu chochote chenye baridi: kioo, fremu ya chuma ya dirisha, jiwe la ukuta, pembe ya dari iliyo karibu na mabati. Hapo ndipo doa la kwanza hutokea.

Mvuke wenyewe tunautengeneza sisi. Hutoka kwa watu waliolala, kwa maji ya kuoga, kwa nguo zilizoanikwa ndani kwa sababu nje kunanyesha, na kwa sufuria ya maharagwe inayotokota jioni nzima. Wengi hushangaa wakisikia kwamba hata gesi ya kupikia huzaa maji: kila kilo inayoungua hutoa takriban kilo moja na nusu ya mvuke. Mtungi wa kilo 6 unapoisha, umeacha hewani zaidi ya lita 9 za maji. Sasa fikiria chumba kimoja cha kupanga katika mitaa ya Langas au Huruma, ambamo watu wanne hupika, hula na kulala, dirisha limefungwa kwa hofu ya baridi na ya wezi, na yale matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha yamezibwa kwa matambara. Maji yote hayo yatakwenda wapi isipokuwa ukutani?

Kuna jambo jingine ambalo wajenzi wengi hulisahau. Eldoret iko karibu sana na ikweta, upande wa kaskazini. Tangu mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua hupita upande wa kaskazini mwa mji, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini haupati jua la moja kwa moja kwa muda wa miezi sita hivi. Miezi hiyo ndiyo ya mvua. Ukitaka kujua kuvu itaanzia wapi katika nyumba yako, kagua kwanza vyumba vya kusini.

Si kila doa ni kuvu, na kosa la utambuzi huzaa kosa la tiba. Chukua pamba, ichovye kwenye maji yenye Jik kidogo, iguse doa na usubiri dakika moja au mbili. Rangi ya doa ikififia, huenda ni kuvu. Lisipobadilika, yawezekana ni masizi ya jiko au uchafu wa kawaida. Unga mweupe chini ya ukuta nao mara nyingi ni chumvi iliyoletwa juu na maji ya ardhini: dondoshea tone la maji, na ukiona unayeyuka ukapotea, ni chumvi. Wala usihukumu kwa rangi. Kuvu huweza kuwa nyeusi, kijani, kijivu, nyeupe au ya rangi ya waridi, na weusi peke yake hautoshi kuonyesha kama ni ile yenye sumu kali zaidi. Pua nayo ni kipimo. Harufu ya udongo uliofungiwa, inayokupokea unapofungua kabati, hutangulia doa kwa muda mrefu.

Ukishajua ni kuvu, tafuta chanzo cha maji. Kipimo kimoja rahisi kinaweza kufanywa na yeyote. Kausha sehemu ya ukuta yenye unyevu kwa kitambaa, kisha bandika kipande cha karatasi ya foili, ile ya kufungia chakula, chenye ukubwa wa kurasa mbili za daftari. Ziba kingo zote nne kwa selotepu, pasibaki pengo. Kiache kwa siku nzima, usiku ukiwemo. Kesho yake kiangalie kabla ya kukibandua. Ukikuta matone upande unaotazama chumba, maji yanatoka hewani, na tiba yake ni kupitisha hewa na kupunguza mvuke. Ukikibandua ukakuta upande wa ukuta ndio uliolowa, maji yanapitia ndani ya ukuta wenyewe, na hapo ujue kuna mfereji wa paa uliopasuka, bomba linalovuja, udongo uliorundikwa nje ya ukuta, au msingi uliojengwa bila tabaka la kuzuia maji. Unyevu wa kupanda kutoka ardhini kwa kawaida hukomea karibu na mita moja. Ukiuona juu ya hapo, tazama paa na mabomba.

Kwa nini tujali hivi? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 uliohitimisha kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu na kuvu wako katika hatari zaidi ya maradhi ya kupumua, pumu ikiwemo. Watoto wachanga, wazee, wenye pumu na wenye kinga dhaifu ndio huumia kwanza. Waliowahi kuugua kifua kikuu nao wachukue tahadhari, kwani kuvu ya jamii ya Aspergillus huweza kuota ndani ya mapango yaliyobaki kwenye mapafu. Jamii hiyohiyo ndiyo yenye kuvu iliyotia sumu mahindi mwaka 2004 katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, ambako watu 317 waliugua na 125 wakafa. Sisi wa Uasin Gishu, tunaovuna mahindi kwa wingi, hatuna sababu ya kuweka magunia mabichi katika chumba cha kulala. Nafaka ikaushwe hadi unyevu wa asilimia 13.5, ikae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak alifariki Desemba 2020. Wazazi wake, waliohamia huko kutoka Sudan, walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kuhusu kuvu katika nyumba waliyopangishwa. Mapema kabisa baba yake aliambiwa aipake rangi juu. Novemba 2022 uchunguzi rasmi wa kifo uliamua kwamba kuvu hiyo ndiyo iliyodhuru mfumo wake wa kupumua, na mwaka 2023 Bunge likapitisha kifungu cha sheria kinachobeba jina la mtoto huyo, cha kuwabana wenye nyumba za kijamii kutengeneza kasoro za namna hiyo kwa muda maalumu. Ushauri ule wa rangi ndio unaotolewa hapa kwetu kila msimu.

Doa lisilozidi mita moja ya mraba, lililo juu ya kitu kigumu kama vigae au plasta ya simiti, unaweza kulishughulikia mwenyewe. Vaa barakoa ya N95, glavu na miwani, fungua dirisha, sugua kwa maji na sabuni, futa kwa kitambaa kibichi, kausha. Usifagie kuvu kavu, utairusha hewani. Jik hung'arisha vigae vizuri, lakini kwenye mbao na mbao laini za dari huondoa rangi tu na kuacha mizizi. Na kamwe usiichanganye na siki, na dawa ya choo yenye asidi wala na amonia, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya kudhuru mapafu. Wala usikaushe chumba kwa jiko la makaa milango ikiwa imefungwa. Moshi usioonekana huua.

Eneo likizidi hapo, dari ikiwa imeoza, maji taka yakiwa yameingia, au nyumbani mkiwa na mgonjwa wa pumu, ita mtaalamu. Utamtambua kwa mpangilio wa kazi yake. Huanza kwa maswali na kipimo cha unyevu, si kwa pampu ya dawa. Huhakikisha paa au bomba limetengenezwa kabla ya kusafisha chochote. Kisha huwatoa watu, hufunga mlango kwa karatasi nzito ya nailoni na kuweka feni inayotoa hewa nje, ili vumbi la kuvu lisisambae vyumba vingine. Vilivyonyonya maji, kama dari ya jipsamu, zulia na godoro, huvikata au kuvikunja, kuvifunga kwenye mifuko na kuviondoa. Mbao nzima huzipiga msasa, kuta huzisugua, na vumbi hulifyonza kwa mashine yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe ndogo mno. Hatosheki kuua kuvu, kwa sababu hata iliyokufa huweza kuamsha pumu, lazima itolewe. Rangi huja mwisho, ukuta ukishakauka. Anayekuahidi kwamba dawa yake itazuia kuvu milele hajakuambia kweli.

Gharama ni ya nani? Unyevu wa paa, bomba au msingi ni kasoro ya jengo, na jengo ni la mwenye nyumba. Mpangaji naye awajibike kufungua dirisha, kuzibua matundu ya hewa na kutoa taarifa mapema kwa maandishi na picha. Wakishindwa kuelewana, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inaihesabu nyumba yenye hali ya kudhuru afya kuwa kero, na afisa wa afya ya umma wa kaunti anaweza kuitwa kuikagua. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 nacho kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na majumba ya kupangisha yanazidi kuota. Tabaka la kuzuia maji kwenye msingi na mifereji mizuri ya paa hugharimu kidogo wakati wa kujenga kuliko wakati wa kubomoa.

Ukishaajiri fundi, mkubaliane kwamba sehemu ya malipo itabaki mkononi mwako hadi mvua kubwa ya kwanza ipite. Siku hiyo pitieni pamoja kila pembe, mkiwa na kipimo cha unyevu. Unyevu wa hewa ya chumba ukiwa chini ya asilimia 60 na ukuta mkavu, mlipe chake chote kwa moyo mweupe, kwa kuwa amefanya kazi.