Gawio la Hisa na Riba Iliyomo: Jinsi ya Kulihesabu kwa Jedwali la Kompyuta

Bismillaah, walhamdulillaah.

Makampuni yaliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam yanapotoa magawio, swali huwa lile lile katika nyumba zetu za Unguja na Pemba: fedha iliyoingia kwenye simu ya mzee ni halali yote? Wapo walionunua hisa wenyewe, na wapo waliozirithi pamoja na shamba na nyumba. Hukumu ni ya wanavyuoni, lakini hesabu yake inaweza kufanywa na kijana yeyote wa skuli mwenye Excel au Google Sheets, na bila ya hesabu hiyo hukumu haina pa kusimama.

Kwanza tutoe yasiyohitaji jedwali. TBL inatengeneza bia na TCC inatengeneza sigara, hapo hakuna cha kupigia hesabu. Benki za riba nazo ni hivyo hivyo, na benki kuwa na dirisha la Kiislamu hakuzigeuzi hisa za benki nzima. Mwenye hisa anamiliki sehemu ya jengo lote, si dirisha peke yake.

Mushkili uko kwa kampuni ambayo biashara yake yenyewe ni halali, mfano saruji, gesi au simu, lakini imekopa kwa riba au imeweka akiba benki ikapata riba. Hapa wanavyuoni wamekhitalifiana. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah lilipitisha mwaka 1992 kwamba asili ni haramu kuingia katika kampuni kama hiyo. AAOIFI ya Bahrain, katika kigezo chake nambari 21, inakubali asili hiyo lakini imeruhusu kwa masharti: mikopo ya riba isifike asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, amana za riba nazo zisivuke asilimia 30, mapato ya haramu yasizidi asilimia 5 ya mapato yote, na sehemu hiyo ya haramu itolewe. Anayefuata kauli ya kwanza ameshamaliza, na kwa yakini amejiepusha na shaka. Anayefuata ya pili hawezi kuifuata kwa mdomo. Lazima awe na namba.

Tuchukue kampuni ya kubuni. Ina hisa 180,000,000 na bei ya hisa moja ni shilingi 2,000, basi thamani yake sokoni ni bilioni 360. Mikopo ya riba ni bilioni 90, amana za riba bilioni 18, mapato yote bilioni 240, na ndani yake riba ni bilioni 3.6. Kila namba iweke katika kisanduku chake, kisha andika fomula ya kugawa. Mikopo ni asilimia 25, amana asilimia 5, riba asilimia 1.5 ya mapato. Imepita.

Sasa badilisha kisanduku kimoja tu: bei ishuke hadi 1,400. Thamani ya soko inakuwa bilioni 252, na mikopo ile ile sasa ni asilimia 35.7. Kampuni haikukopa hata senti moja zaidi, ila imeshatoka nje ya mpaka. Ndiyo maana jibu ulilopewa miaka mitatu nyuma kuhusu hisa fulani halitoshi leo. Kwa sababu hii pia faharasa ya Dow Jones ya Kiislamu haitumii bei ya siku moja bali wastani wa miezi 24, na mpaka wake ni asilimia 33. Wengine hugawa kwa jumla ya mali za kampuni badala ya thamani ya soko. Chagua kigezo kimoja pamoja na sheikh wako na ubaki nacho. Kuhama kigezo kila hisa inapoanguka ni kutafuta fatwa kwa kalamu nyekundu.

Kwa wastani huo utahitaji orodha ya bei, na soko lenyewe hutangaza bei kila siku ya kazi. Tumia jedwali moja lenye safu tatu: tarehe, kampuni, bei ya kufunga. Usifungue ukurasa mpya kila mwezi, utashindwa kuujumlisha. Makampuni matano kwa miezi 24 ni kama mistari 2,500, mzigo mdogo kwa Excel, na AVERAGEIFS itakutolea wastani wa kampuni unayoitaka. Wakfu au chama chenye hisa nyingi ndicho kinachohitaji hifadhidata, yaani jedwali la makampuni, la bei na la mahesabu ya mwaka, yaliyounganishwa kwa jina fupi la kampuni.

Makosa mawili huharibu kazi yote. Ripoti za mwaka mara nyingi huandikwa kwa maelfu au mamilioni ya shilingi, na idadi ya hisa ikaandikwa kamili. Ukizichanganya, mikopo itaonekana si chochote na kampuni itatoka nyeupe kabisa. La pili, namba iliyonakiliwa kutoka faili la PDF huweza kuingia kama maandishi, na SUM huiruka bila kusema neno. Ukiiona imelala upande wa kushoto wa kisanduku, ishuku. Riba yenyewe usiitafute ukurasa wa mwanzo, nenda kwenye maelezo ya mahesabu, kwenye mapato ya fedha, na uitenge na faida ya kubadilisha sarafu.

Sasa kutakasa, na hapa ndipo familia nyingi hudhulumu nafsi zao bila kujua. Gawio ni shilingi 100 kwa hisa, nanyi mna hisa 1,500, basi mmepata 150,000. Wapo wanaochukua ile asilimia 1.5 ya gawio na kutoa 2,250, na S&P nayo huhesabu kwa uwiano wa namna hiyo. Lakini kwa AAOIFI unagawa riba yote kwa hisa zote: bilioni 3.6 kwa hisa milioni 180 ni shilingi 20 kwa kila hisa. Mara 1,500 ni shilingi 30,000. Tofauti si ndogo, na hii ya pili ndiyo ya kuhifadhi dini, kwani riba iliyobaki ndani ya kampuni nayo ni sehemu yako. Inamlazimu aliyekuwa na hisa mwisho wa mwaka wa hesabu, hata kama kampuni haikutoa gawio.

Zaka ni safu nyingine kabisa. Mwenye kununua na kuuza hisa hutoa asilimia 2.5 ya bei ya soko, zikitimia nisabu na mwaka. Shilingi 30,000 za kutakasa hazihesabiwi zaka wala sadaka, wala hazilipiwi kodi yako. Hupewa mafakiri au kazi ya manufaa ya umma, na katika jedwali ziandikiwe tarehe zilipotoka, ili warithi wasije kuzitoa mara ya pili au wasizitoe kabisa.

Wallaahu a'lam.