Mwiba wa Samaki na Betri Ndogo

Mezani mwa watu wa Goma samaki wa Ziwa Kivu hawakosekani. Sambaza, walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mnamo mwaka 1959, huliwa wazima, maana mifupa yao ni laini. Tilapia ana miiba migumu, na alaye kwa haraka huku akizungumza huweza kuumeza mmoja. Hapo wenye nyumba husema, “Meza tonge la bugali, utashuka.” Shauri hilo, ijapokuwa ni la upendo, si jema. Tonge huusukuma mwiba uzidi kuchoma umio, yaani njia ipitishayo chakula toka kooni mpaka tumboni. Ukuta wake ni mwembamba. Ukitoboka, mate na chakula huvujia kifuani, usaha hufanyika, na homa kali hufuata. Tena hapo jirani hupita mshipa mkuu wa damu utokao moyoni.

Hofu hii ni ya kale. Mapokeo yasema kwamba Mtakatifu Blasio, askofu wa Sebaste huko Armenia, alimponya mtoto aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Ndiyo maana koo za waamini hubarikiwa tarehe 3 Februari.

Tusiwatishe wazazi bure. Kifungo au mbegu ya tunda, ikishafika tumboni, kwa kawaida hutoka yenyewe baada ya siku chache.

Adui mkubwa siku hizi ni betri bapa ya mviringo, iliyomo katika saa na vitu vya kuchezea watoto. Ikikwama katika umio, umeme wake hugeuza majimaji ya mwilini kuwa na ukali kama wa magadi ya kutengenezea sabuni, na katika muda wa saa 2 tu nyama huungua. Hata betri iliyochoka yaweza kuunguza. Mtoto pengine halii. Hutoka udenda, hukohoa, hukataa chakula, na mama hudhani ni mafua. Apelekwe hospitali saa ile ile akapigwe picha, wala asitapishwe. Aliyepita umri wa mwaka mmoja aweza kulambishwa asali njiani, vijiko 2 vidogo kila dakika 10, maana hupunguza ukali ule. Lakini safari isicheleweshwe kwa kuitafuta.

Daktari Chevalier Jackson wa Marekani (1865–1958) alitumia mabomba yenye taa kuvitoa vitu zaidi ya 2,000 katika koo na mapafu ya watu, naye alivihifadhi. Pini na sindano zake zatazamwa hata leo mjini Philadelphia. Basi mzazi aendapo kwa daktari, achukue kitu kingine kinachofanana na kile kilichomezwa.